Koo la Miezi Tisa

Mama mkwe wa dada yangu alifika Jumamosi mchana na mifuko miwili. Mmoja ulikuwa wa nguo zake, mdogo. Mwingine ulikuwa wa vitu vya kuchezea, mkubwa kiasi kwamba dereva wa pikipiki aliyemleta alimuuliza kama anahama au anafungua duka. Akajibu kwamba anakwenda kulea mjukuu. Dereva akautazama mfuko tena, akauliza, "Mmoja tu?"

Mmoja tu, lakini wa kwetu alikuwa na kazi ya watu sita. Alikuwa na miezi tisa, meno mawili chini na mengine mawili yakibisha hodi juu, na hakuna kikao kilichoanza nyumbani pale mpaka akifungue yeye kwa kelele. Ndiyo maana nikamwita Mwenyekiti. Mimi ni mama yake mdogo, cheo nilichopewa bila usaili wala mshahara. Dada alikuwa katibu, mpishi na mlinzi wa zamu zote, maana shemeji yangu alikuwa mbali anaendesha greda kwenye barabara isiyokwisha, na malezi yake yote yalikuwa yanapitia kwenye simu.

Jumatatu dada alitakiwa arudi kiwanda cha mikate, kitengo cha kufungasha. Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, nyongeza imekwisha, na nyongeza ya nyongeza nayo imekwisha. Msimamizi wake alimwambia kwa upole, ule upole wa mtu ambaye tayari ameshika kitasa cha mlango, kwamba asipoonekana Jumatatu nafasi ina mtu. Mimi asubuhi huwa nipo, ila siku za kazi, kuanzia mchana, niko dukani napiga fotokopi mpaka jioni. Kwa hiyo mama mkwe hakuja kama mgeni. Alikuja kama daraja. Akiondoka yeye, sote tumo mtoni.

Na dada alikuwa hoi. Sisemi alikuwa hajalala vizuri. Usingizi ulikuwa umeihama nyumba ile tangu meno yaanze. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao mtu anatia chumvi kwenye chai, anainywa yote, na hasemi kitu. Asubuhi hiyo nilimkuta amesimama jikoni ameshika sufuria tupu, anabembeleza sufuria.

"Mtoto yuko kwangu," nikamwambia.

"Najua," akasema, akaendelea kubembeleza.

Kuna wanawake huficha akiba yao kifuani. Dada alikuwa anatembea na bomba la karatasi ngumu, lile linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, kalichomeka kwenye mfuko wa aproni. Nesi wa kliniki ndiye aliyewafundisha akina mama: kitu chochote kinachopita ndani ya bomba lile, mtoto mdogo asipewe, maana kinachopita humo kinaweza kuziba koo lake. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilikuwa inapimwa. Vifuniko vya kalamu, vizibo vya chupa, hereni zangu. Hereni zilipita, zikahamishiwa juu ya kabati, nikawa natembea masikio wazi kama mtu aliyeibiwa.

Sasa mama mkwe akaketi sebuleni, akavuta zipu ya ule mfuko mkubwa, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga kwenye mkeka. Alikuwa fundi cherehani, ameshona sare za shule karibu maisha yake yote, na alikuwa anapanga hata gari bovu kama anapanga vipande vya kukata.

"Wajukuu wangu wote wamekua na mfuko huu," akasema. "Wote. Wa mwisho sasa anaota ndevu."

Kulikuwa na gari la plastiki lisilo na gurudumu moja, na pale gurudumu lilipotoka, waya umechomoza. Kulikuwa na bata wa mbao ambaye rangi ilikuwa inambanduka kama anajichubua. Soksi iliyojaa gololi. Mkufu wa shanga, mrefu wa kuzunguka shingo ya mtu mzima mara mbili. Kopo la dawa lenye punje ndani, la kutikisa, mfuniko wake umefungwa kwa plasta. Na mdoli wa kitambaa, mnene, mwenye shati la vifungo mpaka tumboni na macho ya vifungo vyeusi, yanamtazama kila mtu kama askari wa getini.

"Huyu nilimshona mwenyewe," akasema, akampa Mwenyekiti. Mwenyekiti akamshika, akamtazama, akafanya lile analomfanyia kila mtu anayempenda: akamtia mdomoni, jicho kwanza.

Dada akainuka kama aliyekanyaga moto, kisha akajikumbuka, akakaa. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Ahsante sana, mama," akasema.

Jikoni alinishika mkono mpaka ukauma. "Umeona?"

"Nimeona."

"Vyote, mdogo wangu. Vyote. Hakuna hata kimoja... yaani hata kile kisichopita kwenye bomba, kina waya."

"Mwambie basi."

"Nimwambie nini? Kwamba amelea watoto wa ukoo mzima kwa sumu? Amekuja kuniokoa, hata maji hajanywa, nimwambie mfuko wake haufai? Mama mkwe huyo." Akajifuta uso kwa aproni. "Mwambie wewe. Wewe ndiye mwenye mdomo."

Ni kweli mdomo ninao. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenibatiza Redio, siku ya harusi ya dada, na jina likashika. Nikarudi sebuleni nimejaa ujasiri, nikaketi karibu yake, nikakohoa.

"Mama, huu mfuko," nikaanza.

"Enhe, Redio?"

Alikuwa ananitazama kwa macho yale yenye ukungu mwembamba, ya mtu aliyetazama tundu la sindano kwa miaka mingi kupita kiasi, huku anamfuta mjukuu udenda kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Na mimi, Redio, nikaishiwa betri.

"Una zipu imara sana," nikasema.

Jioni shemeji akapiga simu, na kama vile hatukuwa na vitu vya kutosha, akatutangazia kwamba ametuma boksi kwa basi. Ndani kuna treni ya kuunganisha vipande, ina taa, inalia. Dada akamuuliza boksi limeandikwa umri gani.

"Miaka mitatu na kuendelea," shemeji akasema. "Lakini huyu wetu ana akili. Juzi si alinitambua kwenye simu?"

"Akili anazo," dada akasema kwa sauti ya chini, ili mama mkwe asisikie. "Koo ni la miezi tisa."

Shemeji akacheka. Dada hakucheka. Alikuwa amefumba macho, kaegemeza kichwa ukutani, simu ikazidi kucheka peke yake.

*

Wazo la Jumapili lilikuwa langu, na nalisema mapema ili nisije nikatafutwa. Nilimwambia dada: kama hatuwezi kumwambia, basi tufanye bila kumwambia. Gari tulipoteze nyuma ya kabati. Gololi nizipeleke dukani. Mkufu tusingizie umekatika. Aliyebaki alikuwa mdoli, maana mdoli hapotei. Mama mkwe alikuwa anamuulizia kama mtu wa familia. Huyo tumfanyie upasuaji. Tukate vifungo vyote, tumshonee macho ya uzi mweusi, duara lile lile. Mama haoni vizuri, hatajua.

"Atajua," dada akasema.

"Hatajua. Mimi nakaribia umri wa kuoa, sijawahi kuona mwanamume akijua mke wake amesuka upya."

"Wewe unakaribia kuoa nani?" akauliza, akacheka kidogo, na kwa kuwa hakuwa amecheka wiki nzima, nikahesabu kwamba amekubali.

Baada ya chakula cha mchana mama mkwe alisinzia kwenye kiti, kichwa kifuani, mikono magotini. Mwenyekiti naye alikuwa amelala kwenye mkeka miguuni pake. Tukaingia chumbani, tukavuta pazia la mlango, tukamlaza mgonjwa kitandani. Dada akashika, mimi nikakata. Nasema kwa heshima zote: yule mama alikuwa anajua kushona. Kila kifungo kilikuwa kimepigwa uzi wa sare, ule unaoshonewa watoto wanaoparamia kuta, na chini umefungwa mafundo mawili. Nililazimika kuingiza ncha ya mkasi na kukata uzi mmoja mmoja. Nilivyokata, nilikuwa naweka vifungo kwenye mapaja ya dada, kwenye aproni.

Macho yakatoka. Vifungo vya shati vikatoka. Nikatia uzi kwenye sindano, nikashona jicho la kwanza, likatoka kubwa mno, mdoli akaonekana kama amepokea bili ya umeme. Nikamgeukia dada nimwonyeshe. Alikuwa amelala. Ameketi wima kabisa, mkono bado umemshika mdoli mguu, na mdomo wazi kidogo.

Sikumwamsha. Ningemwamshaje? Nikaendelea na jicho la pili polepole, na chumba kikawa kimya mpaka nikawa nasikia uzi unavyopita kwenye kitambaa.

Halafu Mwenyekiti akaita. Sauti moja tu, ya kujaribu maikrofoni. Lakini dada hata usingizini alikuwa na sikio moja kazini. Akaruka, akasimama, na kila kilichokuwa kwenye aproni kikamwagika sakafuni. Tukapiga magoti, tukaokota. Chini ya kitanda, pembeni ya ndoo, kando ya viatu. "Vimekwisha?" akauliza. "Vimekwisha," nikasema. Hakuna aliyekuwa amevihesabu kabla, kwa hiyo jibu langu lilikuwa sawa na dua. Dada akaenda sebuleni, akarudi na Mwenyekiti ubavuni, akamweka sakafuni pale chumbani ili tumalize haraka.

Mtoto anayelia hatishi mtu. Nilikuwa nafunga fundo la mwisho nilipogundua kwamba ni muda sasa sijasikia hata neno kutoka kwa uongozi. Nikageuka. Alikuwa ameketi kando ya mlango, pazia limemfunika nusu, uso umeanza kubadilika rangi, mikono inapapasa hewa. Mdomo ulikuwa wazi na haukutoa sauti.

Dada akaganda. Mimi nikaita, "Mama," sijui nilikuwa namwita nani.

Aliyekuja ni mama mkwe. Alivuka pazia lile kama halipo, akaketi palepale sakafuni kwa kishindo ambacho magoti yake yalikuja kukilipia wiki nzima, akamlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akamshika taya, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Akapiga tena. Akapiga tena. Kitu kikadondoka sakafuni, kikaviringika, kikalala. Kisha Mwenyekiti akavuta pumzi na kufungua kikao kwa kelele ambayo, namshukuru Mungu, ilisikika mpaka mtaa wa pili.

Mama mkwe akampa dada mtoto. Akapapasa sakafu mpaka akakipata kile kifungo cheusi, akakigeuzageuza kwenye vidole. Kulikuwa na kipande cha uzi bado kwenye tundu. Akakigusa kile kipande kwa kidole gumba, akagusa tena. Kisha akanyoosha mkono, nami nikampa mdoli, maana nilikuwa bado nimemshika. Akampapasa uso.

 Akafumba kifungo kwenye ngumi, akasema, "Mpelekeni zahanati wamsikilize kifua."

*

Kifua kilikuwa safi. Mganga alimsikiliza mbele na nyuma, Mwenyekiti akamshika mpira wa kipimo akautafuna, na tukaambiwa tuangalie kama atakohoa au kupumua kwa shida, akifanya hivyo tumrudishe mbio. Njia ya kurudi ilikuwa fupi lakini tuliirefusha. Dada alikuwa amembeba mtoto kifuani badala ya mgongoni ili amwone anavyopumua.

"Ataondoka," akasema.

"Haondoki."

"Uzi umekatwa na mkasi. Mtu ameshona maisha yake yote, hajui uzi uliokatwa na uliokatika? Tumemdanganya, tumemharibia kitu chake, na tumetaka kumuua mjukuu wake. Mimi ningekuwa yeye ningeondoka." Akatembea kidogo. "Na kesho kutwa msimamizi atamwita yule mwingine."

"Kesho," nikasema.

"Nini?"

"Jumatatu ni kesho."

 Nadhani hata kuogopa kulikuwa kumemchosha.

Mlangoni tuliona mfuko mdogo wa nguo za mama mkwe juu ya kiti, zipu imefungwa. Dada akasimama. Nikamsukuma mgongoni, si kwa nguvu.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka. Amemwaga mfuko mkubwa wote. Hata gari alikuwa amelitoa nyuma ya kabati.

"Kifua?" akauliza.

"Safi, mama."

Akashusha pumzi. 

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikuogopa, mama," dada akasema, na machozi yakaanza kumtoka yenyewe, bila kwikwi, kama bomba lililochakaa.

"Mnaniogopa mimi, hamkiogopi kifungo." Akatikisa kichwa. "Kikiwa kwenye mdoli kilikuwa kimefungwa mafundo mawili. Nyinyi ndio mkakifungulia njia."

"Wazo lilikuwa langu," nikasema.

"Najua. Limekaa kama wewe." Akanitazama. "Na hilo jicho ulilolishona, mtu akikuona barabarani asije akadhani tuna undugu."

Nilitaka kucheka, nikaona dada hacheki, nikameza.

"Huo mfuko wa nguo, mama," dada akasema. "Unaondoka?"

 Mama mkwe akachukua lile kopo la punje, akalitikisa mara moja, akaliweka chini.

"Nilifunga mfuko, ndiyo. Nikakaa hapo kwenye kiti nikasema nikimwona tu anarudi salama naaga." Akavuta miguu yake, akaikunja kwa shida. "Mwanangu, wale wa mwanzo hawakulelewa na mfuko huu. Niliwalea kwa macho. Mmoja akipeleka kitu mdomoni, kabla hajafumba mdomo nimeshafika. Watu wanasema hivi vitu havikumdhuru mtu. Havikudhuru kwa sababu mimi sikupepesa. Sasa macho yananifikisha kwa kuchelewa, na magoti yanachelewa zaidi. Jana nimelala nimekaa. Leo nimelala nimekaa, na mtoto yuko miguuni. Nimekuwa nikitafuta namna ya kumwambia mumeo kwamba siwezi kutwa nzima. Nikaona haya."

Dada akaketi mkekani pembeni yake, mtoto mapajani. "Kumbe na wewe umechoka."

"Nimechoka tangu huyo mwenye ndevu."

"Basi tulikuwa tunaogopana," dada akasema.

"Watu wazima wanaogopana, mtoto anakula vifungo," mama mkwe akasema. Kisha akanyoosha kiganja. "Lete hilo bomba lako la chooni. Usinitazame hivyo. Nimekuona tangu jana unapima mpaka kijiko."

Tulipanga mpaka jua likahama dirishani. Bomba lilifanya kazi yake kwa gololi na vifungo, lakini mama mkwe hakuliamini peke yake. Kila kitu alikivuta, akakipinda, akakikwaruza kwa ukucha, na bata alipoacha rangi chini ya ukucha wake akamweka kando bila kesi. Mkufu aliutupa hata kabla ya kuupima: kinachozunguka shingo hakihitaji kupita kooni. Gololi zikaenda juu ya kabati kumngojea Mwenyekiti aingie shule. Treni ya shemeji, ikifika, nayo itapanda huko huko, tena bila kufunguliwa. Kopo akalishika muda mrefu kuliko vingine. Akasema lilikuwa la dawa ya marehemu mumewe, akanipa nikaliweke kwenye mfuko wake wa nguo.

Katika mfuko ule mkubwa vilibaki vitu vichache vya kutia aibu, vilivyokuwa vimejificha chini kabisa: mpira wa kitambaa usioingia mdomoni hata mwa shemeji, na mabakuli ya plastiki ya kupachikana, matatu. Mwenyekiti akachukua bakuli, akalipiga kwa bakuli lingine, akaridhika kabisa, kama hajawahi kutaka kingine duniani.

"Asubuhi nitakuwa mimi naye," nikasema. "Mama ulale. Kweli kulala, kitandani, siyo kwa kuibia. Mimi nikienda dukani unampokea macho yakiwa mapya, na dada anarudi alasiri."

"Na nikisikia usingizi?"

"Unampigia Redio," nikasema. "Tajiri wangu atanung'unika, lakini fotokopi haijawahi kumkaba mtu."

Mama mkwe akamtazama dada. Ni yeye aliyekuwa anangoja ruhusa sasa. Dada akainuka, akauchukua mfuko mdogo pale kitini, akaurudisha chumbani.

Jumatatu, kulipokucha vizuri, dada alivaa sare ya kiwanda ambayo ilikuwa imembana mahali papya. Alimbusu Mwenyekiti, akatoka, akarudi kuchukua mwavuli wakati hakukuwa na wingu, akatoka, akarudi. Mimi nilikuwa na mtoto begani. Mama mkwe, ambaye tulikubaliana awe amelala, alikuwa amepiga magoti karibu na mlango, anapitisha kiganja juu ya mkeka polepole, mstari kwa mstari, kama anayetafuta pini baada ya kushona, kabla hatujamshusha mtoto. Alisema mkono wake hausinzii.

Dada alisimama mlangoni anamtazama. 

"Nenda, mwanangu," mama mkwe akasema bila kuinua kichwa. "Umenizibia mwanga."